SUBIRA SI KUNYAMAZA: MKIMBIZI NA JIRANI YAKE



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, makala ya leo inahusu jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku na kulipita, nalo ni hali ya moyo wa mkimbizi. Sisi tunaoishi Uganda hatuwezi kusema hatuwajui wakimbizi. Nchi yetu inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, zaidi ya watu milioni 1.7. Wapo Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja, wapo Bidibidi na Rhino Camp kule West Nile, na wapo hapa Kampala, kuanzia Kisenyi mpaka Nsambya na Katwe. Wengine tunasimama nao safu moja msikitini, na watoto wao wanasoma madrasa moja na watoto wetu.

Mahitaji ya tumbo na ya mwili tunayajua: unga, maharage, blanketi, godoro. Ramadhani inapofika tunachanga na tunapeleka, Mwenyezi Mungu atulipe kheri. Lakini linapokuja suala la moyo, mara nyingi tunampa mkimbizi neno moja tu: "Subiri." Tukishalisema, tunaaga. Maoni yangu ni kwamba neno hilo, kwa jinsi tunavyolitumia, limekuwa namna ya kumnyamazisha mtu. Subira tuliyofundishwa katika dini si kunyamaza, na hakuna anayeiweza kwa urahisi akiwa peke yake.

MAWAZO MENGI

Ukikaa na ndugu zetu waliotoka Kongo au Burundi na kuwauliza hali, hawatakutajia majina ya ugonjwa yanayoandikwa hospitalini. Watakuambia, "Niko na mawazo mengi." Watakuambia roho inauma, usingizi umekataa, kichwa kimejaa. Maneno hayo si malalamiko ya bure. Ni maelezo sahihi ya hali ambayo waganga wanaijua vizuri.

Chukua mfano wa mama aliyetoka Rutshuru. Mwezi wa Juni 2022 wapiganaji wa M23 waliuteka mji wa Bunagana ulio mpakani, na watu kwa maelfu wakavuka kuingia Kisoro, wakapokelewa katika kituo cha Nyakabande, kisha wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi. Januari 2025 mji wa Goma nao ukatekwa, na wengine wakafuata. Mama kama huyo amekimbia usiku akiwa na watoto wawili, wa tatu hajui aliko. Sasa yuko salama, lakini mwili wake bado haujapata habari hiyo. Mlango ukigongwa usiku, moyo unakwenda mbio. Pikipiki ikipita kwa kishindo, mikono inatetemeka. Mwili ulijifunza kwamba kelele ya usiku ni mauti, na funzo hilo halifutiki kwa kuambiwa mara moja kuwa hapa kuna amani.

Mwaka 2019 wataalamu wanaoshirikiana na Shirika la Afya Duniani (WHO) walikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, kiasi cha mtu 1 katika kila 5 ana tatizo la afya ya akili. Tuisome hesabu hiyo pande zote mbili. Mtu 1 katika 5 ni wengi sana, kwa hiyo tusiseme jambo hili ni la wachache. Na wale 4 waliobaki si wagonjwa. Wana huzuni, wana hofu, wana hasira, kama ambavyo mimi na wewe tungekuwa. Anayewaita wakimbizi wote wagonjwa wa akili amewakosea, na asemaye wote wako sawa amewakosea vilevile.

VITA VIKO NYUMA, MZIGO UKO HAPA

Kuna jambo jingine ambalo tusipolielewa msaada wetu utakwenda pembeni. Tunadhani maumivu ya mkimbizi yote yanatoka kule alikokimbia. Mwaka 2010 watafiti wawili, Kenneth Miller na Andrew Rasmussen, waliandika kwamba hali ya watu waliopitia vita haielezwi na vita peke yake. Sehemu kubwa inatokana na dhiki za kila siku baada ya vita: njaa, kukosa kazi, nyumba mbovu, kutengwa, kutojua kesho itakuwaje. Dhiki hizo, tofauti na vita vilivyokwisha kupita, zinaendelea leo na zinaweza kupunguzwa leo.

Tazama hali ilivyo. Mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani (WFP) liliwaondoa karibu watu milioni 1 katika msaada wa chakula hapa Uganda kwa sababu ya upungufu wa fedha. Mwezi wa Januari mwaka huohuo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na katika mwaka wa 2024 Wakongomani ndio walikuwa wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote katika mpango huo. Kuna familia zilizokuwa zimeshafanya mahojiano, zimeshapimwa afya, zimeshauza sufuria na vitanda zikingoja safari. Zikabaki zimekaa juu ya mabegi. Unapomwambia baba wa familia kama hiyo "subiri," ujue amesubiri miaka kuliko sisi tulivyowahi kusubiri kitu chochote.

Kuna na shida ndogo ndogo ambazo hazitangazwi. Mtoto aliyefika darasa la sita kwa Kifaransa anarudishwa madarasa ya chini kwa sababu hapa masomo ni kwa Kiingereza. Anakaa na watoto wadogo wanaomcheka urefu wake. Fundi cherehani aliyekuwa na duka lake Bukavu sasa anaitwa "mkimbizi" tu, jina lake halijulikani, kazi yake haijulikani. Kila siku ananyimwa heshima kidogo, na moyo unachoka kwa hayo kama unavyochoka kwa yale makubwa.

ZOEZI LA KUTULIZA MOYO

Miaka hii mashirika mengi yanafundisha wakimbizi mazoezi ya kutuliza moyo: mtu anajifunza kurudisha akili yake pale alipo badala ya kuiacha ikimbizwe na yaliyopita au yajayo. Baadhi yetu wanayacheka. "Watu hawana unga, nyinyi mnawafundisha kuvuta pumzi?" Swali hilo ni la haki na nitalijibu. Lakini kwanza tuelewe zoezi lenyewe ni nini.

WHO lina mafunzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watu wenye dhiki, na kijitabu chenye picha kinachotokana nayo kilitolewa mwaka 2020 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Mambo yanayofundishwa ni mepesi. Mawazo mazito yakikuvamia, punguza mwendo. Kanyaga ardhi vizuri, nyoosha mgongo, vuta pumzi polepole. Kisha angalia ulipo: unaona nini, unasikia nini, mkono wako umegusa nini. Mawazo hukuyafukuza, maana mawazo yanayofukuzwa hurudi na wenzake. Unayatambua tu, unajiambia, "Hili ni wazo la huzuni limenijia," kisha unarudi kwenye kazi iliyo mbele yako na mtu aliye mbele yako. Mwisho unajiuliza: mimi nataka kuwa mtu wa namna gani kwa wanangu na majirani zangu? Ni jambo gani dogo naweza kulifanya leo linalolingana na hilo?

Mafunzo hayo yalijaribiwa hapahapa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, kwa wanawake waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Vijiji 14 na wanawake karibu 700 walihusika. Walikaa kwa vikundi vya watu ishirini hadi thelathini, mara 5, kila mara kama saa mbili, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: waliopata mafunzo walikuwa na dhiki pungufu kuliko wenzao waliopewa mawaidha ya mara moja tu. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi mafunzo yalipokwisha, na baada ya miezi mitatu ilikuwa imepungua, ingawa haikuondoka yote.

Nayaona mafunzo mawili hapo. La kwanza, zoezi linasaidia, na linaweza kuongozwa na mama wa mtaani. La pili, nafuu inapungua mtu akiachwa na maisha yaleyale. Anayepewa mazoezi bila jirani ni kama aliyepewa mbegu bila shamba.

MASWALI YANAYOULIZWA MSIKITINI

Wapo wanaosema mambo haya ni ya watu wa dini nyingine. Ndugu zangu, ni kweli kwamba baadhi ya mazoezi ya aina hii yalichukuliwa na wataalamu kutoka kwa Mabudha, yakaondolewa ibada, yakabaki mazoezi. Kuvuta pumzi polepole na kukanyaga ardhi si ibada ya mtu yeyote. Na sisi tunajua tangu madrasa maana ya kuhudhurisha moyo. Anayeswali kwa khushuu anatakiwa ajue amesimama wapi na anasema nini, asiwe yuko sokoni huku mwili uko kwenye mkeka. Simaanishi kwamba zoezi ni badala ya swala, wala kwamba swala ni zoezi. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kutafuta hudhuri ya moyo asiogope jambo hili kama kitu kigeni kabisa.

Wengine wanasema mwenye imani hawezi kuwa na maradhi ya huzuni. Hilo halina msingi. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ndiye mwenye subira njema katika Qur'ani. Kuna atakayesema, "Yaaqub alimshitakia Mungu peke yake." Ndiyo, lakini huzuni yake hakuificha. Wanawe waliiona na waliisikia, na wao ndio waliolaumiwa kwa kuichoka, si yeye kwa kuilia.

Tukumbuke pia waliohama na Mtume (S.A.W.). Amepokea Bibi Aisha (R.A.), na hadithi imo katika Bukhari, kwamba Waislamu walipofika Madina, Abu Bakr na Bilal walishikwa na homa. Bibi Aisha akaenda kuwatazama na kuwauliza hali zao. Bilal kila homa ilipompungua alipaza sauti kwa beti za kuitamani Makka, mabonde yake na majani yake. Huyu ni Bilal aliyeteswa Makka hiyohiyo! Bibi Aisha akampelekea Mtume habari, naye hakumkemea. Aliomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Angalia mpangilio wake: mgonjwa ametembelewa, ameulizwa, amesikilizwa, habari imefika kwa mwenye uwezo, ameombewa dua. Na wakati huohuo Mtume alikuwa amewaunganisha Muhajirina na Ansari udugu, kila mmoja na wake, wakagawana nyumba na riziki. Abdurrahman bin Auf alipopewa nusu ya mali ya Saad bin Rabii alishukuru, akaomba aonyeshwe soko. Moyo na tumbo vilishughulikiwa pamoja.

Wala elimu ya jambo hili si mpya kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na ya nafsi. Alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba kama mtu anavyoweka akiba ya dawa nyumbani, aweke na akiba ya fikra njema za kumtuliza siku ya dhiki. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, sisi bado tunamwambia mgonjwa wa huzuni kwamba imani yake ni ndogo!

Sasa lile swali la unga. Nakubaliana na anayeuliza. Mwaka 2007 mashirika ya misaada ya dunia yalitoa mwongozo wa pamoja ambao unafanana na nyumba ya ghorofa nne. Ya chini kabisa ni chakula, maji, makazi na usalama, vitolewe kwa heshima. Ya pili ni familia na jamii: kukutanishwa na ndugu, kuzika na kuomboleza, ibada, shule, vikundi. Ya tatu ni msaada wa watu waliofunzwa kidogo, kama yale mazoezi ya Rhino Camp. Ya nne ni daktari na hospitali, kwa wachache waliozidiwa. Huwezi kujenga ya tatu hewani. Anayemfundisha mwenye njaa kuvuta pumzi na kuondoka, amemdhulumu. Lakini anayempa unga na kumkataza kulia, naye hajamaliza kazi.

Ghorofa ya pili ndiyo yetu. Hakuna shirika linaloweza kutujengea. Fedha za wafadhili zikikatika, kama zilivyokatika 2025, jirani hakatiki.

TUFANYE NINI?

1. Tumuulize jina na kazi. Kabla ya kumuuliza alivyokimbia, muulize alikuwa akifanya nini kwao. Usimlazimishe kusimulia vita. Akitaka atasimulia, asipotaka mwache. Kumchimba mtu kidonda kwa kutaka kujua tu si kumsaidia.

2. Tukae na kusikiliza. Akianza kusema, usimkatize kwa mawaidha, wala usimwambie "wewe afadhali, kuna wenzako waliokufa." Neno "pole" na ukimya wa heshima vinatosha. Dada zetu wanajua kumkalia mfiwa. Mkimbizi naye ni mfiwa, wengine wamefiwa bila kaburi. Kumsomea dua pamoja maiti wao walioachwa njiani ni jambo kubwa kwao.

3. Tumpe jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda wanakotaka. Fundi apewe cherehani ya kukodi, mwalimu wa Qur'ani apewe darasa, mama apewe nafasi katika kikundi cha kuweka na kukopa. Kazi inarudisha heshima, na heshima ni dawa.

4. Wanafunzi, Kiingereza chenu ni sadaka. Jumamosi moja kwa wiki, saa mbili, mnaweza kumtoa mtoto kwenye aibu ya kurudishwa madarasa. Na nyinyi mtajifunza Kiswahili safi na Kifaransa kutoka kwake. Vyama vya wanafunzi Waislamu, kuanzia IUIU kule Mbale mpaka Makerere, vinaweza kulifanya hili bila kungoja mfadhili.

5. Kinamama wa darsa wajifunze yale mazoezi. Watafute mhudumu wa afya awafundishe, kisha wakae na wenzao wakimbizi baada ya Alasiri, wote pamoja, si "sisi tunawafundisha nyinyi." Sisi nasi tuna mawazo.

6. Tuwajue waliozidiwa. Anayesikia sauti zisizokuwapo, asiyekula wala kuoga kwa wiki, anayelewa kila siku ili asahau, anayesema anatamani kufa, huyo asiachwe peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mpelekeni kituo cha afya mkiwa naye, na kwa walio Kampala ipo hospitali ya Butabika. Kisomo kinaendelea, na dawa inaendelea. Kumfunga kamba au kumpiga kwa madai ya majini ni haramu na ni ukatili. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

7. Maimamu walitaje jambo hili mimbarini. Mtu akisikia sheikh anasema kwamba huzuni si aibu na kwamba kwenda hospitali si kukosa tawakkul, milango mingi iliyofungwa itafunguka.

NENO KWA WAZAZI

Watoto wetu wanatusikiliza. Tukisema "hawa wakimbizi" kwa sauti ya kuchoka, wao wataipeleka sauti hiyo shuleni na madrasa, na huko itamwangukia mtoto ambaye ameshabeba mengi. Tuwafundishe kumwita mwenzao kwa jina. Tuwaambie kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alihama, na kwamba kalenda yetu nzima inahesabiwa kuanzia siku za watu waliokimbia kwao wakapokelewa na majirani wema.

Basi tuendelee kusema "subiri," lakini tukiwa tumekaa. Tuseme, "Tutasubiri pamoja, na Ijumaa nitarudi." Kisha Ijumaa turudi kweli.

Mwenyezi Mungu awape faraja waliohama, awakutanishe waliopotezana, na atujaalie tuwe Ansari wa zama zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.